Makochi Yaliyovuliwa

Pale mtaani, mtu akitaka kujua nani kagombana na nani, nani kahama bila kuaga na nani kaanza ghafla kujipaka manukato, hakwenda saluni. Alikwenda karakana ya Bi Kochi. Saluni unakaa kwenye kiti cha plastiki ukingojea zamu. Kwa Bi Kochi ulikaa kwenye kochi la watu, sponji mpya, kitambaa bado kinanukia duka, na chai unaletewa ulipo. Mwenye kochi alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani kwake, amekaa chini, akingojea simu.

Jina la Bi Kochi alipewa na mtaa, na alilipenda kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa na sauti nene, mkono mwepesi wa kukaribisha, na tangu afungue mlango ule hakuwahi kumwambia mteja hapana. Umletee kochi la marehemu babu yako lililoliwa na panya, umletee kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, yeye atakizunguka, atakipapasa kama anayenunua mbuzi, kisha atasema, "Hiki? Hiki kimelala tu, tutakiamsha." Hujamaliza kushukuru, ameshaita: "Wifi, njoo uvue."

Kuvua ndiko kulikokuwa ujanja wa karakana ile. Kochi likiingia tu, kitambaa cha zamani kilichanwa palepale, mwenyewe akitazama. Pini ziking'olewa, sponji kuukuu ikitupwa nje, zikabaki mbao, mikanda na springi. Mteja aliondoka roho imetulia kwamba kazi imeanza. Na kweli ilikuwa imeanza, ila kuanza ndiyo sehemu rahisi. Bi Kochi alikuwa na falsafa yake: kochi lenye nguo mtu anaweza kulihamishia kwa fundi mwingine, lakini kochi uchi nani atalipitisha barabarani?

"Likishavuliwa, hilo ni letu," aliwaambia mafundi wake. "Mwenyewe akitaka kukasirika, atakasirikia hapahapa kwetu."

Mafundi wenyewe walikuwa wawili. Seremala, mtu wa maneno ya kuhesabika, penseli sikioni mchana kutwa. Na wifi, dada wa mumewe, aliyekata na kushona. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani anaingia kama mvua ya msimu, kwa hiyo maisha ya Bi Kochi yalikuwa na wifi zaidi kuliko na mume. Karakana yenyewe ilianzia kwenye cherehani ya wifi, barazani. Bi Kochi alileta mdomo, wifi akaleta mikono, na wote wawili walijua hivyo, ingawa kwenye utani walizungumza kinyume.

"Bila mimi ungekuwa unashona viraka vya magunia," Bi Kochi angesema.

"Na bila mimi, wifi, ungekuwa unauza maneno. Na soko la maneno limejaa."

Walicheka hadi walioketi wakamwaga chai. Lakini wifi alikuwa ameanza kucheka kidogo kidogo. Yeye ndiye aliyepokea simu za wenye makochi.

Sasa, jirani yao alikuwa muuza mapazia, mwanamke mwenye duka lililosongamana vitambaa hadi mlangoni. Siku moja mtaa ukashtuka kuona duka limepungua, hewa inapita, na wateja wanaingia. Bi Kochi hakuweza kulala na jambo hilo. Akavuka.

"Shoga, nasikia uliletewa mshauri. Alikupa dawa gani?"

"Hakunipa kitu," alisema muuza mapazia. "Ile ofisi ya kusaidia biashara ndogo ndiyo iliyomtuma, bure kabisa. Alikaa pale kwenye kigoda akaniuliza maswali ya kijinga. Eti kile kitambaa cha zambarau kimekaa pale tangu lini. Nikasema tangu mwanangu hajaanza shule."

"Mwanao si huyu mwenye ndevu?"

"Ndiye. Nilipojisikia nikilijibu lile swali, niliona aibu peke yangu. Yeye hakuniaibisha. Alinyamaza tu."

Bi Kochi alirudi amewaka. Kama jirani kapata mshauri, yeye apungukiwe nini? Akaenda kujiandikisha. Wifi alipoambiwa, aliweka mkasi chini na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Umefanya la maana, wifi. Mimi maneno yameniishia. Labda mtu wa nje ukimsikia utamsikia."

Maana wifi alikuwa ameshasema. Alisema kwa utani, akasema kwa kununa, akasema siku ya kufua: tusivue kochi ambalo hatujalifikia. Lakini neno la wifi ni neno la wifi, linaingia sikioni likiwa limebeba ugomvi wa vyombo na mambo ya harusini ambayo hayakuisha. Bi Kochi alilisikia kama lawama, akalijibu kama lawama, na makochi yakaendelea kuvuliwa.

Siku ya kuamkia ziara, Bi Kochi aliingia karakana akaitazama kwa jicho la mgeni, na kwa mara ya kwanza akaiona. Mifupa ya makochi imepandana hadi darini. Springi zimetoka kama matumbo. Meza ya kukatia haionekani.

"Huyu mama mshauri hawezi kuona hivi," alisema.

"Si ndicho anachokuja kuona?" wifi aliuliza.

"Wifi, wewe ukitembelewa unaacha nguo za ndani kwenye kamba ya sebuleni?"

"Kwa daktari mtu anavua. Havai."

"Huyu si daktari. Huyu ni mgeni wangu."

Na ukimjua Bi Kochi, unajua neno hilo lilimaliza mjadala. Kwao alikokulia, mgeni alikaa sebuleni. Jikoni alikusikia kwa harufu tu. Akamwomba muuza mapazia stoo yake ya nyuma, ile iliyobaki wazi baada ya duka kupunguzwa. Akamwita mwenye mkokoteni. Hadi jua linazama, makochi uchi yalikuwa yamehamishwa kwa mlango wa nyuma, yamefunikwa turubai, na karakana imebaki na seti chache zilizovaa vizuri, sakafu imedekiwa, ubani unafuka. Seremala alipofika asubuhi alidhani amekosea mlango.

"Bosi, tumefungiwa?" aliuliza.

"Tumependeza. Kaa wima."

Mshauri alikuwa mwanamke wa rika lao, viatu vya chini, mpole wa kuongea na mzito wa kunywa chai. Bi Kochi alimkalisha kwenye kochi zuri kuliko yote, lile linaloelekea barabarani. Vitafunio vikaja. Majirani wakaja kumsalimia, maana Bi Kochi alikuwa amewaalika. Alitaka mshauri aone jinsi karakana inavyopendwa. Ikawa shangwe, ikawa hadithi ya fulani na fulani, na mshauri akacheka kwa adabu, kisha akauliza.

"Kazi mlizonazo zote ndizo hizi?"

"Ndizo hizi."

"Hakuna nyingine mahali?"

"Mama, ungeziona."

"Na mtu akileta kochi leo, atalipata lini?"

"Inategemea. Ila hatukawii."

Seremala alitazama darini kana kwamba ameona huko jambo la muhimu sana. Mshauri akageuka. "Na wewe, dada unayeshona. Wewe unaonaje kazi hapa?"

Wifi alifuta mikono kwenye kanga. Alivuta pumzi ya mtu aliyengoja zamu yake tangu zamani. "Mimi naona..."

"Wifi," Bi Kochi aliingilia, kwa sauti tamu, "hebu mbadilishie mgeni chai, ya kwake imepoa."

Kikombe kilikuwa bado kinafuka. Wifi alikitazama, akamtazama wifi yake, akakichukua, akaenda nacho jikoni. Aliporudi mazungumzo yalikuwa yameshavuka daraja.

Kabla ya kuondoka, mshauri alisema alilokuwa nalo. Alilisema polepole, kama mtu anayepima kamba. "Kwa hali niliyoiona, mna nafasi, mna mikono mizuri, na mnamaliza kazi. Mnachokosa ni kazi ya uhakika. Mkipata mteja mmoja mkubwa, mwenye viti vingi vya aina moja, mtapumua. Kwa hali niliyoiona."

Bi Kochi aliirudia hotuba hiyo mtaa mzima. Alimsomea mumewe kwenye simu, aliisimulia saluni, aliisimulia kwa muuza mapazia ambaye alikuwa amekalia stoo iliyojaa ushahidi. Kila mara aliisimulia vizuri zaidi, na kila mara aliyaacha yale maneno ya mwanzo na ya mwisho.

Mteja mkubwa hakuchelewa, hilo ndilo la kusikitisha. Palikuwa na nyumba ya wageni inayojengwa upande wa stendi, na meneja wake alikuwa akitafuta fundi wa viti vya mapokezi na vya vyumbani, vyote sare. Bi Kochi alimkaribisha, akamkalisha, akamnywesha chai, akamwambia serikali yenyewe imekuja ikakagua ikasema hapa ndipo. Kazi ikapatikana. Wiki hiyohiyo muuza mapazia akapokea mzigo mpya na kutaka stoo yake.

Makochi uchi yakarudi nyumbani.

Basi ikawa fremu za viti vya wageni huku, mifupa ya makochi ya watu kule, na binadamu katikati wanapita ubavu. Seremala alihamia nje kupigilia. Mvua moja ikalowesha mbao, zikapinda, akaanza upya bila kusema neno, jambo lililokuwa baya kuliko kusema. Wifi alikatia kitambaa sakafuni kwa magoti, maana mezani palikuwa na kochi la mtu. Siku moja alikata kitambaa cha maua, maua yakaangalia chini. Bi Kochi alimtania. Wifi hakucheka.

"Wifi, tumrudie yule mama," alisema. "Tumwambie tulimficha."

"Nimwambie mimi ni mwongo? Baada ya kula keki yangu?"

"Atakuwa amesikia makubwa kuliko hayo."

"Tumalize hivi viti, halafu nitampigia."

Alimaanisha. Hilo lazima lisemwe, Bi Kochi hakuwa mtu wa hila. Alikuwa mtu anayeamini kesho itakuwa na nafasi zaidi kuliko leo, na alivyokuwa akiiamini, ndivyo alivyozidi kuijaza.

Kisha akaja mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake, hata wa Bi Kochi mwenyewe. Seti yake ya makochi ilikuwa ndani mle, imevuliwa tangu zamani, imeegemea ukuta wa mwisho. Siku hiyo Bi Kochi alikuwa amekwenda kupima milango ya nyumba ya wageni kama viti vitapita, na karakana ilikuwa na wapiga soga wake wa kawaida, wameketi. Mkunga alisimama mlangoni. Hakuja kugomba. Alisema baba yake amefariki alfajiri, watu wameanza kufika, na wazee wamekaa juu ya ndoo. Akauliza kama wanaweza kumwazima hata mabenchi.

Wifi alimwita mwenye mkokoteni, akapakia viti vya nyumba ya wageni vilivyokwisha, vyote, na kitambaa chake kipya, akavipeleka msibani yeye mwenyewe akisukuma kwa nyuma.

Bi Kochi alirudi akakuta pengo, na wifi ameshatoka msibani. Alipoambiwa, damu ilimpanda. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo baadaye alilirudia kichwani hadi likachakaa: hakumwita wifi pembeni. Alisema mbele za watu.

"Umegawa mali ya mteja wangu kama njugu."

"Nimempa mtu pa kukaa," wifi alisema.

"Ni mali ya mteja."

"Na hawa je?" Wifi aliwaonyesha kwa kidevu wale waliokuwa wameketi na vikombe mikononi. "Hawa wamekalia mali ya nani, wifi?"

Mmoja akainuka akisema amekumbuka kitu jikoni. Mwingine akainuka bila kusema. Wakatoka mmoja mmoja, wakipanguza walipokuwa wamekaa, kama watoto. Bi Kochi alitafuta utani wa kuokoa hali. Hakuna uliokuja. Badala yake likaja jingine.

"Ukiona hapa hapafai, mlango ni huo. Hii karakana ni yangu."

Wifi alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na bei. Akachukua bisibisi kwa seremala, akapiga magoti, akaanza kufungua cherehani yake mezani. Bi Kochi alisimama pale. Angeweza kusema neno moja tu, hata "wifi" peke yake lingetosha. Alikwenda kukoroga chai.

Viti vilirudi kutoka msibani vikiwa na mchuzi kidogo na machozi mengi. Meneja alipata habari, maana mtaa ule habari hazihitaji miguu, akasema wageni wake hawatakalia viti vya matanga. Labda angebembelezwa. Labda kitambaa kingebadilishwa. Lakini wa kukibadilisha alikuwa ameondoka, na mshonaji wa kukodi aliyeletwa alishona mikunjo kama uso wa mtu anayelia. Kazi ikaenda kwa mwingine. Seremala akaaga kwa heshima, penseli sikioni.

Halafu wenye makochi wakaja kuyachukua. Bi Kochi alikuwa ameamini siku zote kwamba hakuna atakayelipitisha kochi uchi barabarani. Walipita nayo. Yalipita juu ya mikokoteni, juu ya vichwa, nyuma ya pikipiki, mchana kweupe, springi zikicheza na mikanda ikiburuta, na watu wakitoka madukani kutazama. Alichokificha kwa mtu mmoja kilitazamwa na mtaa mzima. Mkunga alikuja wa mwisho na wanawe. Alimshika Bi Kochi bega, akasema, "Usijali, mama," na upole huo ulimwingia mahali ambapo matusi yasingefika.

Mumewe alipopiga simu akamwuliza dada yake yuko wapi, alisema amepumzika kidogo.

Mshauri alirudi. Ndivyo ofisi yao inavyofanya, baada ya muda wanarudi kuona ushauri umefika wapi. Alimkuta Bi Kochi anafunga mabaki kwenye viroba, mwenye nyumba ameshampangisha muuza simu. Hapakuwa na chai. Bi Kochi alimgeuzia ndoo, akamwambia yote: stoo, turubai, ubani, kikombe kilichokuwa kinafuka. Mshauri alisikiliza hadi mwisho.

"Nami nilipaswa kuomba kuona nyuma," alisema. "Nilihisi. Ila palikuwa na watu wengi, na ulikuwa na furaha."

"Usijilaumu, mama. Ningekupeleka nyuma nikakuonyesha ua la jirani." Bi Kochi alifunga kiroba, akakifungua tena. "Hebu niambie. Ungeyaona, ungesema nini?"

"Ningekuuliza kwa nini mnayavua yote siku yanapoingia."

"Halafu?"

"Ungejijibu. Kisha tungekaa na wifi yako tukapanga kochi libaki kwa mwenyewe, na nguo yake, mpaka zamu yake ifike. Halili nafasi, mwenyewe anaendelea kulikalia, nanyi hamkimbii simu."

"Hilo tu?"

"La kwanza lingekuwa hilo. Na ile kazi ya nyumba ya wageni ningekuzuia."

Bi Kochi aliinamisha uso. Alikuwa ametumaini kitu kigumu, chenye michoro na majina marefu, kitu ambacho mtu wa kawaida asingeweza kukijua. Ugumu ungempa pa kujificha. Hilo wifi alilisema siku ya kufua, akining'iniza shuka.

"Bado naweza kukaa na wewe," mshauri alisema. "Watu wanaanza tena."

"Ukae na mimi tushone nini? Mimi ni mdomo tu, mama." Alisema hivyo bila kujihurumia, kama anayetaja saizi ya kiatu. Kisha akainuka. "Nenda kwa wifi. Amekodi chumba nyuma ya dobi, anashona foronya na mito, na nasikia watu wameanza kumpelekea makochi. Akikwambia mambo yanakwenda vizuri, usimwamini. Ni mtu wa adabu. Kaa umngoje amalize kusema. Yeye husema polepole, lakini husema."

"Nimwambie umenituma?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Akisikia jina langu ataanza kukupikia chai ili usiulize kitu."

Alimsindikiza hadi kwenye kona ya dobi, akamwonyesha mlango kwa kidole, akasimama hapo. Cherehani ilisikika hadi barabarani. Aliijua kwa mlio, ile yenye kuguna kidogo kila inaporudi nyuma. Mshauri akagonga. Mlio ukakatika, mlango ukafunguliwa, sauti mbili zikasalimiana chini chini.

Bi Kochi, ambaye hakuna jambo mtaani lililowahi kumpita, alitega sikio. Shuka za dobi zilikuwa zinapigwa na upepo, na hakusikia walichoambiana. Angeweza kusogea. Wanaopita walimsalimia, mmoja akasimama kabisa akitaka habari, akauliza yule mgeni ni nani.

"Ni wa wifi yangu," alisema, akageuka kurudi kwenye viroba vyake.